Tunakaguliwa Tukiingia, Nani Ametufundisha Kutoka?

Fika kwenye jengo lolote la maofisi katikati ya Kampala saa mbili asubuhi, utapokewa kwa utaratibu uleule. Askari atakuomba ufungue mkoba, atakupitishia mbavuni kile kifimbo cha kukagulia vyuma, na mwenzake atakuwa ameinama akizungusha kioo chini ya gari. Ukiwa mgeni utaandika jina, namba ya simu na saa ya kuingia, uache kitambulisho cha taifa mapokezi, upewe kadi ya plastiki ambayo namba yake ilishafutika zamani.

Mazoea haya yalishika kasi baada ya usiku wa tarehe 11 Julai 2010. Mabomu yalilipuka Kyadondo Rugby Club na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala, watu wakiwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia, na zaidi ya watu 70 wakafa. Tangu hapo mji ukajifunza kufungua mikoba. Hata mama anayeleta chakula ofisini saa saba hufungua ndoo yake ya matoke bila kuombwa.

Sasa mchukue mtu huyo aliyekaguliwa kila asubuhi kwa miaka kumi umuulize: king'ora kikilia sasa hivi, unatokea wapi? Wengi watakuonyesha lifti.

Niliwahi kubebeshwa cheo cha msimamizi wa usalama wa ghorofa katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi. Hakikuwa na posho, kilikuja na kizibao cha rangi ya machungwa na karatasi mbili za maelekezo. Nilizisoma usiku, nikaona zinapingana. Karatasi ya moto ilisema: toka mara moja, usifunge kitu kwa ufunguo, kusanyikeni kwenye maegesho. Karatasi ya uvamizi ilisema: jifungie, zima taa, msikusanyike mahali pamoja. Nilimpelekea meneja wa jengo, naye akacheka na kuniambia, "Wewe zibandike zote ukutani."

Zilibandikwa. Ila swali langu halikujibiwa, na nadhani ndilo linalowachanganya wafanyakazi wengi kila wanapoitwa kwenye semina ya usalama. Wanapewa kanuni ishirini bila kuambiwa kwamba kila kanuni ni ya hatari yake.

Kufuli moja, kazi mbili

Jengo lina aina mbili za usalama, na hazielewani. Ya kwanza inamzuia mtu asiingie: geti, nondo za madirishani, kadi za mlangoni, kufuli la ngazi za nyuma. Ya pili inamruhusu aliye ndani atoke upesi. Kila unapoongeza ya kwanza bila kufikiri, unaipunguza ya pili.

Mfano unaosomeshwa sana ni wa kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist, New York, tarehe 25 Machi 1911. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na wakati ule ilikuwa kawaida kufunga milango ya viwanda ili wafanyakazi wasitoroke na vitambaa. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, lakini. Aprili 2008 bweni la shule ya msingi ya Budo liliungua usiku na wasichana wapatao 20 wakateketea. Oktoba 2022 moto ukaua watu 11 katika shule ya watoto wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono. Katika mikasa ya aina hii, magazeti yetu hayaachi kutaja mlango uliofungwa au nondo za dirishani, na baada ya wiki mbili mafundi wa kuchomelea wanaendelea kufunga nondo zilezile kwenye majengo mapya.

Ofisi si bweni, mtu atasema. Watu wazima, wako macho, ni mchana. Ni kweli, ila ofisi zetu nyingi hazipo kwenye minara yenye vigae vinavyong'aa. Zipo ghorofa ya tatu ya jengo la biashara, chini kuna maduka ya vitenge na simu, korido zimejaa maboksi, ngazi ya pili imegeuzwa stoo, na saa moja jioni mlinzi anateremsha shata la chuma la mlango mkuu huku mhasibu wa juu bado anafunga hesabu za mwezi. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka ngazi za dharura kwa udadisi tu. Ghorofa nne chini nikakuta mlango wa nje una mnyororo na kufuli la ukubwa wa ngumi. Nilimuuliza askari ufunguo uko wapi.

"Funguo iko kwa meneja, bosi."

"Na meneja yuko wapi?"

"Ameenda Entebbe."

Mnyororo ule ulikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa nzuri: mwaka uliotangulia kompyuta tatu ziliondoka kwa mlango huo. Ndiyo maana kugombana na meneja hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwonyesha kuwa kuna dawa inayotibu magonjwa yote mawili. Mlango wa dharura unawekewa upau wa kusukuma kwa ndani: ukiugandamiza kwa kiuno unafunguka, na kwa nje hakuna hata kitasa. Ukitaka kumbaini mwizi unaunganisha kengele inayolia mlango ukifunguka. Anayetoroka na kompyuta atapigiwa kelele, na anayetoroka moto hatajali kelele.

Sheria nayo haina kigugumizi hapa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awe na njia za kutokea moto ukizuka, na mlango wa njia hiyo usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua upesi wakati watu wapo kazini. Inazungumzia pia wawakilishi wa usalama wanaochaguliwa miongoni mwa wafanyakazi, na haki ya mfanyakazi kuondoka mahali anapoona maisha yake yamo hatarini. Upande wa majengo kuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Karatasi tunazo, za kutosha.

Moto: adui ni moshi

Watu wakifikiria moto wanafikiria ndimi za moto. Moto wa ofisini huanza kama harufu ya plastiki, na kinachoua wengi ni moshi kabla miali haijawafikia. Viti vyetu vina sponji, meza ni mbao za kubandikwa kwa gundi, mazulia ni ya nailoni. Vikiungua vinatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayokaa ndani ya damu mahali pa oksijeni, pamoja na gesi nyingine zenye sumu kali. Pumzi chache za moshi mzito zinatosha kumfanya mtu achanganyikiwe, ashindwe kupata mlango anaoupita kila siku.

Moshi wa moto hupanda, unajaa darini kwanza, halafu unashuka kama dari ya pili. Hewa ya kuvutika inabaki karibu na sakafu, na ndiyo maana unaambiwa uiname au utambae. Moto ukipata nafasi chumbani, hufika mahali ambapo kila kitu kinashika kwa mpigo mmoja. Kutoka cheche hadi hapo inaweza kuwa dakika chache tu. Hizo dakika ndizo mali yako yote, na tunazitumia vibaya mno.

Walionusurika shambulio la minara pacha ya New York Septemba 2001 walipohojiwa na watafiti, ilionekana kwamba wengi hawakuondoka mara moja. Walizima kompyuta, walipiga simu nyumbani, walitafuta viatu, waliulizana na jirani kama ni kweli. Sisi hatuna tofauti. Katika zoezi letu la kwanza nilimwona mtu akichomoa chaja, akaikunja kwa utaratibu, akarudi kuchukua kikombe. Akili ya binadamu haipendi kuwa ya kwanza kuonekana mjinga. Kila mmoja anamwangalia mwenzake, na kwa sababu wote wanaangaliana wakiwa wamekaa, wote wanaamini kuwa hakuna jambo.

Katika jengo la Kampala kuna sababu ya ziada: tumezoea kengele za uongo. Umeme ukikatika na jenereta likiingia, vitambua moshi vya bei rahisi hulia. Mara ya kumi hakuna anayeinua kichwa. Kama wewe ndiye mwenye kauli ofisini, anza na jambo hili kabla ya kununua mabango. Kengele inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele, kwa kuwa imeshawafundisha watu kukaa.

Lifti nayo ni hadithi ileile ya umeme. Shimo la lifti ni bomba la moshi linalopita ghorofa zote, umeme ukikatika unabaki umening'inia, na lifti nyingine zinaweza kukufungulia mlango kwenye ghorofa inayoungua. Tumia ngazi. Shuka upande mmoja ukishika kingo, waachie nafasi wazimamoto wanaopanda. Ukifika mlango uliofungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, tafuta njia nyingine. Na unapotoka chumbani, funga mlango nyuma yako bila kuutia ufunguo. Mlango wa kawaida wa mbao tu unaweza kuuchelewesha moto dakika ambazo mtu wa korido ya pili anazihitaji.

Milango ya ngazi hutengenezwa mizito ikajifunga yenyewe kwa kusudi hilo. Joto la Machi likija, watu huiegemezea kitu ibaki wazi ipitishe hewa. Nimewahi kukuta mlango wa kuzuia moto umeegemezewa mtungi wa kuzimia moto. Nilipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, nikaambiwa nina uchokozi.

Kuhusu mtungi wenyewe: mwekundu ule ulio karibu na mapokezi si wa kila mtu wala wa kila moto. Wa maji haumwagiwi umeme wala mafuta. Wa gesi ya kabondayoksaidi unafaa kwa kompyuta na swichi, ila usishike ile pembe nyeusi ya mdomoni, hupoa kiasi cha kuunguza ngozi kwa baridi. Wa unga unafaa kwa mambo mengi na unachafua yote. Unavuta pini, unalenga chini kwenye kiini cha moto, unabana, unafagia kushoto na kulia. Kilo 6 za unga zinaisha kwa chini ya nusu dakika, kwa hiyo ni zana ya moto wa ukubwa wa kapu la taka. Ukishapita hapo, au mlango ukiwa nyuma ya moto badala ya nyuma yako, acha mtungi uondoke. Angalia pia kadi inayoning'inia shingoni mwake: kama mara ya mwisho kukaguliwa ni mwaka juzi, ni pambo.

Simu ni 999 au 112. Hapa Uganda kikosi cha zimamoto kiko chini ya polisi, kwa hiyo usishangae namba ni ileile ya wizi. Taja jengo, barabara, na alama ya karibu inayojulikana na kila bodaboda. Mtu mmoja akasimame barabarani kuwaelekeza. Magari ya Kampala hayapishi hata king'ora, na dereva wa zimamoto akipita mtaa wako amekosea, atageuzia wapi?

Pale ambapo kukimbilia nje ni kosa

Hapa ndipo karatasi zangu mbili zilipogombana, na ndipo inapofaa kwenda polepole.

Swali la kujiuliza kabla ya kufanya lolote ni hili: hatari iko wapi, na je, inatembea? Moto uko ndani na unaenea, kwa hiyo unatoka. Bomu lililotegwa liko mahali pamoja, kwa hiyo unajitenga nalo. Mtu mwenye bunduki anatembea na anatafuta watu, kwa hiyo unamkimbia kama njia iko wazi, na kama haiko wazi unapotea machoni pake. Tetemeko liko kila mahali na linapita ndani ya sekunde, kwa hiyo unabaki chini ya meza. Mtu aliyeshika swali hili hahitaji karatasi ishirini.

Tuanze na mlipuko wa nje, kwa sababu mji huu unaujua. Tarehe 16 Novemba 2021, saa nne asubuhi imepita kidogo, mlipuaji wa kujitoa mhanga alijilipua karibu na kituo kikuu cha polisi. Dakika chache baadaye milipuko mingine ikatokea Parliamentary Avenue, karibu na Bunge. Ilikuwa saa ya kazi. Maofisini vioo vilipasuka, magari yakawaka barabarani, Bunge likaahirisha kikao. Waliokuwa juu kwenye majengo ya jirani walifanya nini waliposikia kishindo cha kwanza? Walichofanya wengi wetu: walikwenda dirishani na simu mkononi.

Dirisha ndilo somo zito la Nairobi. Tarehe 7 Agosti 1998, washambuliaji walipofika ubalozi wa Marekani, walianza na risasi na bomu dogo la mkono dhidi ya walinzi. Kishindo kile kikawavuta watu madirishani katika majengo ya pembeni, likiwemo lile refu la Co-operative Bank. Muda mfupi baadaye lori likalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi na maelfu kujeruhiwa, na wengi wa majeruhi walikatwa na vioo usoni. Wapo waliopoteza macho kabisa kwa kutaka kuona.

Kwa hiyo ukisikia kishindo nje, hatua ya kwanza ni kwenda upande wa ndani wa jengo, mbali na vioo, kwenye korido au ngazi zenye kuta pande zote. Usimwagike barabarani. Mlipuko wa pili ni mbinu ya zamani, na mwaka 2021 Kampala ilionyeshwa kuwa dakika chache zinatosha. Mkae ndani hadi ijulikane.

Mkoba ulioachwa mapokezi ni jambo tofauti. Usiusogeze, usiufungue, usiufunike, usipige simu ya mkononi wala redio ya upepo ukiwa umeusimamia. Ondoka, waondoe wengine, kisha upige simu ukiwa mbali. Mbali kiasi gani? Majedwali yanayotumiwa na idara za usalama za Marekani yanasema kwa bomu la ukubwa wa mkoba wa mkononi, la kilo 23 hivi, majengo yaondolewe watu kwa takriban mita 46, na walio wazi nje wakae zaidi ya nusu kilomita. Sasa pima hatua kutoka mapokezi yenu hadi kwenye maegesho mnakokusanyikia. Ofisini kwetu zilikuwa hatua thelathini, katikati ya magari, chini ya ukuta wa vioo.

Hili ndilo linalosahaulika kuhusu kile kibao cha kijani chenye mishale minne na watu katikati. Ni kizuri kwa moto. Kwa tishio la bomu, mahali palipobandikwa kibao na kujulikana na kila mpita njia ndipo mtu mwovu angependa mjipange mstari. Ofisi inapaswa kuwa na mahali pa pili, mbali, pasipoandikwa, panapofahamika kwa wafanyakazi. Uwanja wa kanisa, ua wa shule. Njia ya kwenda huko isipite mbele ya lango kuu.

Uvamizi wa silaha tuliuona kwa majirani: jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambako waliuawa watu 67, na eneo la hoteli ya DusitD2 kule Riverside Drive, Nairobi, Januari 2019, ambako waliuawa 21. Huu wa pili unatuhusu zaidi watu wa ofisi, maana uwanja ule una majengo ya maofisi pembeni ya hoteli. Tukio lilikwenda usiku kucha hadi asubuhi, na mamia ya watu waliokolewa, wengi wakiwa wamejificha vyooni, chini ya meza, ndani ya vyumba walivyoviegemezea makabati. Kukaa kimya saa nyingi si jambo dogo. Simu inazimwa sauti na mtetemo pia, kwa kuwa mtetemo juu ya meza ya mbao unasikika. Taa zinazimwa. Unakaa upande wa ukuta usioonekana kutoka mlangoni. Unatuma ujumbe kwa mtu mmoja wa nje, huandiki kwenye kundi lenye watu 200 kwamba mko ghorofa ya tano chumba cha mikutano. Polisi wakiingia, mikono juu, vidole vimetanuliwa, hakuna kukimbia kuwakumbatia. Kwa dakika hizo hawajui wewe ni nani.

Na kengele ya moto ikilia katikati ya milio ya risasi? Usitoke kwa kengele peke yake. Toka ukiona au ukinusa moshi.

Kuhusu tetemeko nitasema machache. Watu wa Fort Portal na Bundibugyo hawahitaji kukumbushwa: tetemeko la Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100 upande ule wa bonde la ufa, na la Februari 1994 likarudi kuvunja nyumba. Hata Kampala huwa tunahisi mitikisiko ya mbali, kama ule wa Bukoba Septemba 2016. Jengo likitikisika, ingia chini ya meza, shika mguu wake, subiri. Anayekimbilia ngazi wakati wa mtikisiko huangukiwa na matofali ya ukumbi au huteleza. Likitulia, ndipo mnashuka.

Mtu anayepiga kelele

Kwenye minara ya New York mwaka 2001, kampuni ya Morgan Stanley ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,700 katika mnara wa kusini. Mkuu wao wa usalama, Rick Rescorla, askari mstaafu, alikuwa akiwafanyisha mazoezi ya kushuka ngazi mara kwa mara tangu minara hiyo iliposhambuliwa kwa bomu mwaka 1993, wakubwa wakinung'unika kwamba anawapotezea muda wa kufanya biashara. Mnara wa kaskazini ulipogongwa, tangazo lilitolewa mnara wa kusini kuwa jengo ni salama, watu wabaki. Rescorla hakulisikiliza. Alichukua kipaza sauti akawaamuru washuke wawili wawili, kama walivyozoea. Ndege ya pili iligonga dakika 17 baada ya ya kwanza. Karibu wafanyakazi wote wa kampuni hiyo walitoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, hakuonekana tena.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba watu hutii sauti waliyowahi kuisikia. Na sauti hapa Uganda ina lugha. Wenye kampuni huandika maelekezo kwa Kiingereza. Wafagiaji na wapishi wanazungumza Kiganda. Askari wa getini, mara nyingi mtu wa kaskazini au mashariki aliyepitia jeshi au mgambo, amri zake ni za Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya amri katika jeshi na polisi wetu tangu enzi za mkoloni.

Katika zoezi letu la kwanza, mzee wetu wa getini alipanda ngazi akipiga kelele: "Tokeni! Wote nje! Haraka!" Vijana walitoka. Mama mmoja wa idara ya fedha alikaa chini sakafuni, mikono kichwani. Tulidhani ameugua. Baadaye, akiwa na chai mkononi, alitueleza kwamba alikuwa msichana mdogo miaka ya mwanzo ya themanini, zama za zile operesheni zilizoitwa panda gari, askari wanapozingira mtaa na kuwapakia watu kwenye malori. Sauti ya mwanamume anayeamuru kwa Kiswahili, alisema, miguu yake inaisikia kabla ya masikio.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa katiba tangu 2005, na watoto sasa wanakisoma shuleni. Miguu ya mama yule haijasoma katiba. Tulikaa naye na mzee wa getini, tukakubaliana maneno machache ya lugha mbili, yasemwe kwa sauti kubwa isiyo ya ukali: "Mufulume! Tokeni, twende!" Lile "twende" alilidai mama mwenyewe. Mtu anayesema twende anakwenda na wewe.

Tuligundua mengine pia. Aliyekuwa anatumia magongo hakuwa kwenye mpango wowote. Tukampangia watu wawili na kituo cha kusubiri kwenye kibaraza cha ngazi, nyuma ya mlango mzito. Tukakubaliana pia kwamba kitabu cha wageni, kile kinachochukuliwa kama adhabu ya mapokezi, ndicho orodha pekee ya nani yuko ndani, kwa hiyo lazima kishuke na mtu. Wageni tena hawatoki kirahisi: kitambulisho kimebaki kwenye droo, na kwa Mganda kuondoka bila kitambulisho cha taifa ni kujitafutia safari za foleni. Kuna waliorudi ndani kukidai.

Zoezi la pili lilifanyika miezi minne baadaye. Mnyororo wa mlango wa chini ulikuwa umeondolewa, upau umewekwa, na fundi alikuwa amekosea kuupaka rangi ya bluu. Mama wa fedha ndiye aliyeshika kitabu cha wageni. Alisimama chini ya mwembe wa ua wa kanisa, miwani imeshuka puani, anaita majina moja moja kama mwalimu. Wawili hawakuitika. Tulipiga namba walizoandika: moja haikuwepo, ya pili ilipokelewa na dereva wa takisi huko Jinja. Askari alirudi kuwatafuta ghorofa kwa ghorofa, akatumia dakika kumi na moja. Aliwakuta ng'ambo ya barabara, kibandani, wanasubiri rolex zao, zile chapati za kukunjia mayai, ziive, wakashangaa kuona wanatafutwa.